Bwawa Lenye Njia ya Ng'ombe

Shiru, na wewe Brayo, na nyinyi wengine mnaochungulia simu ya mwenzenu badala ya kusoma kwenye yenu: ile sauti mliyonitumia mimi nyanya yenu kabla ya masika nimeisikia. Nimeisikiliza tena na tena, hata nikiwa nakamua ng'ombe.

"Shosh, niaje! Si wewe ndio ulikuwa unajenga maswimming pool? Si utujengee moja hapo nyuma ya nyumba, ndio tukikuja December tusiboeke?"

Halafu kicheko, halafu mlango wa gari, halafu kimya.

Mmeniuliza swali ambalo watu wazima wenye magari makubwa waliniuliza miaka yangu yote ya kazi, kuanzia Milimani pale Nakuru hadi kando ya ziwa kule Naivasha. Nijenge bwawa au nisijenge? Sikuwahi kumjibu mtu papo hapo, na nyinyi pia sitawajibu papo hapo. Mtanisikiliza kwanza. Bando ni langu na leo mvua ya nje ya msimu imenifungia ndani.

Lakini jambo moja nilitoe kifuani mapema. Krismasi iliyopita mlikuja hapa Gilgil, mkala, mkalala mara mbili, upepo ukawapiga, na mama yenu akawabeba akawapeleka hotelini Naivasha kwa sababu "huku hakuna kitu ya kufanya." Nikabaki na mbuzi nusu na chapati za kutosha kanisa zima. Sikukasirika. Sawa, nilikasirika, lakini iliisha. Huzuni ndiyo haikuisha. Mwaka huu nataka mkae hadi mwaka mpya uingie. Hicho ndicho ninachotafuta mimi, na bwawa ni njia tu ya kukipata. Tuone kama ni njia nzuri.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kiprono, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ambayo hakuna aliyewahi kuona kilichokuwa chini yake. Ujana wake aliumaliza akijenga majosho ya ng'ombe kwenye mashamba yaliyoachwa na walowezi. Nyinyi wa Nairobi hamjui josho, wengine huliita dipu, kwa hivyo tulieni niwaeleze. Ni handaki la simiti lililojaa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe hupangwa mmoja mmoja katikati ya reli za mbao. Upande mmoja ni wima, hapo ng'ombe anaruka apende asipende. Anaogelea kidogo, macho yamemtoka, kisha anatoka upande wa pili kwa mteremko wa taratibu, anasimama kwenye sakafu iliyoinama kidogo, ili maji yanayomdondoka yachuruzike yarudi ndani. Dawa haipotei.

Niliingia kwa Kiprono kama mtu wa mkono, kubeba maji na kokoto kwa karai. Baadaye akaniweka kwenye vigae, kwa sababu mafundi wanaume walikuwa wanalalamika kwamba kazi ya kupiga magoti kutwa nzima kwenye simiti itawaharibu. Walisema kweli. Magoti yangu mnayajua.

Sasa, Kiprono alikuwa na njia yake ya kumjibu mtu anayeuliza ajenge au asijenge. Hakuwa na picha za kuonyesha wala maneno mengi. Alikuwa anatoa vigingi na kamba ya katani kwenye gunia, anapima pale unapotaka bwawa, anafunga kamba kuzunguka pote. "Hiyo ni pool tayari," anasema. "Hakuna kukanyaga ndani. Mtu akitaka kupita, azunguke. Mvua ikiisha nitarudi kuangalia." Kisha anapanda baiskeli yake, anaenda.

Watu walimwona kama amerukwa na akili kidogo. Lakini alirudi kweli, na akirudi alikuwa anaisoma ile kamba kama mtu anayesoma gazeti.

Kuna nyumba moja Milimani ambapo baba alikuwa ameapa kwamba familia yake haiwezi kuishi bila bwawa. Tuliporudi baada ya mvua, upande mmoja wa kamba ulikuwa umeanikwa soksi. Upande mwingine kamba ilikuwa imeinuliwa kwa kijiti, watu wainame wapite kwenda kwa jirani. Na katikati, hapo ambapo maji yangekuwa marefu kuliko mtu, palikuwa na sukuma wiki iliyonona kuliko yote niliyowahi kuona.

"Ni ya muda tu, mzee," mama mwenye nyumba akasema. "Niliona mchanga umekaa bure."

Kiprono akachuma jani, akaligeuza huku na huku. "Mama, hii pool yako imeshajaa."

Mama akacheka hadi akashika ukuta. Bwana yake alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka. Hawakujenga. Tulirudi Rhonda, nilikokuwa nimepanga, na mfuko mzima wa sukuma, na ndiyo tuliyopika jioni hiyo.

Sasa nije kwenye bwawa la kwanza kabisa la Mzee Kiprono, ambalo nilikuwa nataka kuanza nalo lakini habari ya sukuma ilinipoteza. Lilikuwa kule Ndabibi, karibu na Naivasha, kwa Gachanja, mfanyabiashara wa viazi. Gachanja alikuwa amelala hotelini mara moja, akaona watu wanaogelea, akarudi nyumbani mtu mwingine. Alimtafuta Kiprono akamchorea mstatili mchangani. "Wewe si ndiye ulijenga dipu zote za huku? Hii haiwezi kukushinda."

Kamba ikafungwa, msimu ukapita. Tuliporudi, hakuna aliyeigusa. Nguo zilianikwa kwingine, kuku walifukuzwa, njia ilikuwa imezungushwa vizuri. Ila kwenye kona moja nyasi zilikuwa zimelala. Hapo ndipo mama yake Gachanja, ajuza mnene mwenye fimbo ambaye kila mtu alimwita cucu, alikuwa akiweka kiti chake kila asubuhi kuota jua. Kiprono aliitazama ile kona kwa muda. Siku iliyofuata tukaanza kuchimba.

Gachanja naye akawa barabarani na viazi vyake, na hakuna kati yetu, Kiprono akiwemo, aliyewahi kuona bwawa la kuogelea kwa macho yake. Mnaona vile mambo yanaelekea.

Gachanja alirudi siku chache kabla ya sherehe ya kufungua, kadi zimeshagawiwa, mbuzi wameshafungwa. Akasimama pale na kofia mkononi.

"Kiprono, hii ni nini?"

"Reli. Watu wasisukumane wakiingia na wakitoka."

"Na huku kwa mteremko?"

"Ya kutokea."

"Na hii simenti yote imeinama hivi ni ya?"

"Kuchuruzika. Huku maji ni shida. Mtu akitoka asiende nayo."

Hata leo sijaona kosa katika hilo la mwisho. Lakini Gachanja alikaa chini juu ya gunia la viazi na hakuinuka upesi.

Siku ya sherehe mchungaji aliomba sana. Aliombea maji, akaombea viazi, akaombea barabara ya Ndabibi. Wageni wakavua viatu, na kwa kuwa palikuwa na reli, wakajipanga ndani ya reli, mmoja nyuma ya mwenzake, wakisubiri kuruka. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa shemasi, ameshika suruali isimdondoke.

Hakuna aliyekumbuka ng'ombe wa Gachanja. Walikuwa wanakula nyasi karibu, na mkubwa wao alikuwa ng'ombe mzee mweusi aliyeitwa Nyakairu, ambaye maisha yake yote alikuwa akipelekwa josho. Nyakairu akainua kichwa. Akaona reli, akaona foleni, akasikia watu wanapiga kelele na maji yanaruka. Akajua leo ni siku ya josho. Hakuleta fujo yoyote. Alitembea polepole, akaingia kwenye foleni nyuma ya shemasi, na wengine wakamfuata.

Shemasi akasikia pumzi shingoni. "Boss, wacha kunisukuma," akasema bila kugeuka. "Sote tutafika."

Foleni ikasonga hadi akabaki yeye, pumzi ikazidi. Shemasi akageuka.

Aliruka na saa yake mkononi na kilio ambacho bado nakisikia. Nyakairu akaruka nyuma yake. Maji yakapaa yakamfikia mchungaji. Watu walitoka pande zote, wengine kwa kupanda ukuta, wengine kwa kushika miguu ya wenzao. Ni Nyakairu peke yake aliyefuata utaratibu wote: akaogelea hadi mwisho, akapanda mteremko, akasimama kwenye sakafu ya kuchuruzika akadondosha maji yote, kisha akageuka kututazama, akingoja afunguliwe. Nililala chini kwa kucheka. Kiprono hakucheka. Alikuwa anaukagua mteremko kama simiti imepasuka.

"Kesho unabomoa!" Gachanja alipiga kelele. "Reli, mteremko, kila kitu!"

Tukayatoa maji, tukasugua, tukafungulia mengine kwa ajili ya wageni waliobaki. Kule visima virefu hutoa maji yenye uvuguvugu, ardhi yenyewe ina moto chini. Kesho yake tulipofika na nyundo zetu tukakuta mtu ameshaingia. Ni cucu. Alikuwa ameshuka kwa ule mteremko, hatua moja moja, mkono mmoja kwenye reli, gauni lake limefura juu ya maji kumzunguka. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Amefumba macho.

"Maitu," Gachanja akamwita kwa upole, maana mama ni mama hata ukikasirika vipi, "toka kidogo hawa watu wafanye kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kubomoa."

"Magoti yangu yamenyamaza," cucu akasema, bado amefumba macho. "Tangu nikuzae hayajawahi kuninyamazia. Ngoja kwanza."

Gachanja akamtazama. Tukamtazama sote. Gachanja akavaa kofia yake, akaivua tena. "Reli tu, basi. Mteremko acheni."

"Na mimi nitashika nini?" cucu akauliza.

Tukarudisha nyundo kwenye gunia. Kitu pekee tulichoongeza ni lango, kwa ajili ya Nyakairu, ambaye alikuwa ameshakuja kuchungulia.

Tukiwa njiani nilimuuliza Kiprono kama kweli alijenga mteremko kwa kutojua. "Reli, hapo sikujua," akasema. "Lakini kile kiti cha kwa kona wewe hukukiona?"

Tangu siku hiyo nilianza kuangalia nyasi.

Najua Brayo ameshaanza kupiga miayo, kwa hivyo nitawapa na ya kazi kidogo, msije mkasema shosh alipiga porojo tu. Ukiweka kigae, kigonge kwa mpini wa mwiko. Kikilia kama mtungi mtupu, king'oe hapo hapo, usijidanganye kwamba kitashika. Udongo wetu wa Nakuru ni jivu la milima ya zamani, mkavu unasimama kama ukuta, ukilowa unaondoka wote bila kukuaga. Usichimbe karibu na mjakaranda kwa sababu ya uzuri wake, utashinda ukivua maua kwa wavu. Na usiwahi kulitoa bwawa maji wakati wa mvua kubwa eti unalisafisha. Maji ya chini ya ardhi yanalisukuma juu likiwa tupu, na nimeona moja limeinuka kona kama godoro.

Na baridi! Hakuna mteja wa Gilgil aliyenikubalia habari ya baridi. Gilgil si Mombasa, nilikuwa nawaambia, nao wananiambia jua si lipo. Kulikuwa na bwana mmoja hapa juu ya barabara kuu aliyeogelea mara moja katika maisha yake. Alitoka amekuwa rangi ya jivu, akaomba chai kwa ishara. Baada ya hapo mkewe akaanza kutumbukiza humo mitungi ya maziwa ya jioni, ifungwe kwa kamba ilale kwenye maji baridi hadi gari la maziwa lije asubuhi. Maziwa yao hayakurudishwa tena kwa kuchacha. Kati ya mabwawa yote niliyojenga upande huu, hilo ndilo lililopata kazi zaidi.

Sasa hii nyingine si ya kuchekesha sana. Kuna nyumba pale mjini Nakuru ambapo kila Jumapili wageni walijaa. Watoto, shangazi, majirani, watu wa kwaya, magari hadi nje ya geti. Kisha pampu ikaharibika, mvua ikaleta takataka, maji yakawa kijani na vyura wakahamia na familia zao. Nilipoitwa kusafisha nilimkuta mwenye nyumba peke yake kwenye kiti cha plastiki, viti vingine vyote vimepangwa kumzunguka. "Mama," akaniambia, "siku hizi hawapigi hata simu." Nilisugua bwawa lile nikiwa na uchungu.

Hilo ndilo ninaloliogopa. Shiru, nakuambia wazi, naogopa. Nikijenga bwawa ili mje, siku pampu ikikufa nitajua kwa nini mlikuwa mnakuja. Afadhali nisijue.

Kuna kitu kingine ambacho hata mama yenu hakijui. Sijawahi kuingia kwenye bwawa. Miaka yote hiyo! Nimekanyaga sakafu ya kila bwawa nikiwa na gambuti, nikiwa nimepiga magoti, nikiwa nimelala kifudifudi natafuta ufa. Lakini bwawa likiwa kavu. Maji yakifunguliwa kuingia, mimi ndipo nakusanya miko yangu nitoke, kazi imeisha. Halafu nafika Rhonda, napanga foleni na mtungi wa maji ya kupikia kama kila mpangaji wa ploti ile. Sikuona uchungu wakati huo, nilicheka na wenzangu kwenye foleni. Nilikuwa najua tu rangi ya maji yakiwa yanaanza kufunika vigae vyangu, yakiwa bado hayajanifika kwenye kifundo. Ni rangi nzuri sana.

Kwa hivyo baada ya ile sauti yenu nilienda stoo nikatoa gunia la Kiprono. Aliniachia alipostaafu, vigingi, kamba na kila kitu. Nikapima hapo nyuma, kati ya zizi na parachichi, nikafunga. Nikajiwekea sheria ile ile: hakuna kukanyaga ndani, apitaye azunguke. Majirani wakauliza kama nimeuza kipande.

Mvua ya masika ikaja ikaenda. Jana ilikuwa siku ya kusoma kamba, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuisoma, nimejisomea mwenyewe. Hakuna soksi. Hakuna sukuma, ingawa mchanga ulinijaribu sana. Ng'ombe alikula kamba kidogo kwenye kigingi cha chini, lakini huyo hula hata sabuni. Nikaendelea kuzunguka nikiangalia nyasi, na kwenye kona ya juu, ile inayoota jua la asubuhi, nikazikuta zimelala.

Nikashangaa ni nani anakaa hapo. Kisha nikaona stuli yangu ya kukamulia.

Hata sikuwa nimeona kwamba nafanya hivyo. Nikimaliza kukamua, naweka stuli hapo, nanyoosha miguu, nayasugua magoti, natazama nyasi zilizo ndani ya kamba kama kwamba zina maji. Asubuhi baada ya asubuhi. Nikakaa tena hapo hapo, nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikaenda kutafuta vigingi vya nyongeza.

Jibu lenu, basi. Bwawa linajengwa. Lakini si lenu. Ni langu. Litakuwa fupi, lenye kina cha kifua changu mimi na si zaidi. Juu ya paa la zizi nitalaza mipira myeusi ya maji, maji yapite humo yaote jua kabla ya kurudi bwawani, kwa sababu sina nia ya kutoka nikiwa rangi ya jivu. Kwenye kona ya stuli kutakuwa na mteremko, njia ya ng'ombe kama ile ya Ndabibi, na reli ya kushika upande mmoja. Vigae nitaweka mwenyewe na mtu wa kunipa mkono, na Brayo asiniambie shosh umezeeka, nitamwekea karai kichwani. Lango litakuwepo. Pampu ikikufa na maji yakiwa kijani, nitaingia hivyo hivyo na vyura.

Kwa hivyo mkija au msipokuja, liko. Sitawatega na maji. Mna ruhusa ya kuingia kama wageni wangu wengine wote, mkivua viatu.

Kuna tatizo moja tu, na ndilo lililonifanya niandike maneno mengi hivi. Kushuka kwa mteremko nitajua, na kusimama nitajua. Kuelea sijui. Hapa Gilgil sijui mtu wa kunifundisha, nyumba zenye mabwawa wanawekea maziwa. Nyinyi nimewaona kule Naivasha kwenye zile picha, mnalala juu ya maji kama mko kitandani. Mama yenu nilimuuliza kama namuulizia mtu mwingine, akaniambia mtu mzima kujifunza huchukua wiki mbili, akiwa mwepesi wa kuelewa.

Mimi si mwepesi, muulizeni. Na mtu hawezi kumfundisha shosh yake kwa siku mbili, amwache katikati ya maji, aende hotelini.